Asiransi ya RC mjini Lubumbashi: inavyomhudumia aliyegongwa na dereva mlevi

Asiransi ya RC (responsabilité civile, yaani ya kulipia madhara anayofanyiwa mtu mwingine) hununuliwa na mwenye gari, lakini wa kuitumia ni mtu mwingine kabisa: mama aliyekuwa akivuka balabala kule komini ya Kenya saa tatu usiku, mwanafunzi aliyepakiwa kwenye pikipiki njia ya Kasapa, mchuuzi aliyepanga nyanya zake kando ya barabara Katuba. Kwa hiyo Lubumbashi wengi wanaijua kama karatasi ya kumwonyesha polisi wa rulaji (wa barabarani), na wachache wanaijua kama mfuko wa kulipia mguu uliovunjika. Hapa tunaipima kwa upande huo wa pili, hasa pale dereva alipokuwa amelewa, maana hapo ndipo majeruhi hudanganywa zaidi.

Tulivyoiona ni hivi. Kwa sheria, bidhaa yenyewe ni nzuri. Huduma yake kaunta inategemea mno makaratasi uliyobeba, na makaratasi hayo karibu yote hupatikana au hupotea katika siku mbili za kwanza. Majeruhi mwenye faili kamili hulipwa, hata kama ni kwa kusukumana. Asiye na faili huzungushwa mpaka achoke, na kwa kawaida hakuna atakayemwambia kilichokosekana.

Tuanze na uongo mkubwa kuliko wote: "Dereva alikuwa amelewa, kwa hiyo asiransi hailipi." Husemwa na madereva, na ndugu za madereva, na wakati mwingine hata mtu aliyekaa nyuma ya kaunta. Usiukubali. Ulevi ni kosa la mteja mbele ya kampuni yake. Kampuni inaweza kumgeukia mteja na kumdai ilichotoa, inaweza pia kukataa kumtengenezea gari lake. Wewe uliyegongwa hukuvunja mkataba wowote, na kosa la aliyelipa asiransi haliwezi kutumiwa kukufungia mlango. Fidia inakwenda kwanza kwa majeruhi, kisha kampuni na mlevi wake wamalizane wao kwa wao. Asiyefunikwa na RC ni dereva mwenyewe: majeraha yake hayamo ndani ya dhamana hiyo, maana RC hulipa madhara anayofanyiwa mtu mwingine.

RC ni lazima kwa kila chombo chenye injini kinachotembea barabarani. Sheria namba 73/013 ya 5 Januari 1973 ndiyo iliyoweka lazima hiyo. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa mmoja tu, SONAS, shirika la serikali lililoundwa 1966. Kodi ya Asiransi (code, yaani kitabu cha sheria, si ushuru), sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015, ilifungua soko, na kuanzia 2019 kampuni za binafsi zikapata vibali kutoka ARCA, mamlaka inayosimamia asiransi nchini. Kwa majeruhi mabadiliko haya yana maana moja ya haraka: zamani ulijua pa kwenda hata bila kusoma kioo cha gari. Leo usiposoma jina la kampuni, hujui ugonge mlango upi.

Kwa hiyo kioo cha mbele ndicho kitu cha kwanza cha kupigwa picha, na apige yeyote aliye karibu ikiwa wewe umelala chini. Picha isomeke: jina la kampuni, namba ya polisa (mkataba wa asiransi), namba ya plaki, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Tarehe hizo ndizo zinazoua madai mengi. Asiransi iliyokwisha siku moja kabla ya ajali ni karatasi tupu, na mwenye gari akishtuka anaweza kwenda asubuhi kununua mpya na kuonyesha hiyo. Picha ya usiku uleule, yenye saa yake kwenye simu, inazuia mchezo huo. Hakikisha pia kwamba plaki iliyoandikwa kwenye karatasi ni ileile iliyofungwa kwenye gari. Wapo wanaohamisha karatasi ya gari moja kwenda jingine. Halafu piga picha ya karte roz, hati ya umiliki wa gari, maana jina la mwenye gari utalihitaji baadaye kuliko unavyofikiri.

Sasa pombe yenyewe. Ushahidi wake una haraka kuliko damu ya jeraha. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 65 yenye asilimia 5 ina gramu 26 hivi za alkoholi. Mwanaume wa kilo 70 akinywa tatu kwa mfululizo anaweza kufika karibu gramu 1.5 kwa kila lita ya damu, na hapo hafai kushika usukani hata kidogo. Mwili hupunguza kati ya gramu 0.10 na 0.20 kwa saa. Fanya hesabu: ajali saa nne usiku, dereva apelekwe kupimwa saa mbili asubuhi, zimepita saa kumi. Kwa mwendo wa 0.15, gramu 1.5 zote zimekwisha. Atatoka maabara akiwa safi, na karatasi ya maabara itakuwa upande wake.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza makosa) aliyefika mahali pa ajali liwe rekizisyo ya daktari, yaani amri ya maandishi ya kumpima dereva, itolewe usiku huohuo. Iwe na saa. Bila rekizisyo lupitalo nyingi hazitakubali kumtoa damu mtu asiyetaka, na zina haki. Damu ikitolewa, kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo wakili wa upande wa pili atayatafuta: ngozi isafishwe kwa povidoni au kwa maji na sabuni, kamwe isiwe kwa spiriti, kwa sababu spiriti yenyewe ni alkoholi na kipimo kitatiliwa shaka, na damu iwekwe kwenye tyubu yenye floridi, ile ya kifuniko cha kijivu, ijae vizuri, ikae kwenye baridi. Tyubu ya kawaida iliyoachwa kwenye joto la Oktoba inaweza kuchacha na kutoa namba isiyo ya kweli, ama juu ama chini.

Na kama hakuna maabara wala kifaa cha kupima pumzi? Hapo daktari, au hata nesi wa zamu, aandike alichokiona: harufu kinywani, macho, namna ya kusema, kama anaweza kusimama na kutembea, na saa ya kumwona. Karatasi ya mistari sita iliyo na kashe (muhuri) ya lupitalo ina uzito mahakamani. Ongeza mashahidi wawili au watatu wenye namba za simu zinazopatikana, wakiwemo walio kwenye nganda (baa) alikotoka. Chupa za bia ya Simba ndani ya gari zipigwe picha mahali zilipo, bila kuzigusa.

Lakini msiweke nguvu zote kwenye ulevi. Asiransi hulipa kwa sababu dereva ana hatia ya ajali, na hatia hiyo inaweza kuonekana bila pombe: kasi, kuhama upande, taa zilizokufa, kumfuata mtu mpaka pembeni ya barabara. Kifungu cha 52 cha Kodi ya Adhabu, kitabu cha pili, kinataja aliyesababisha madhara kwa kukosa tahadhari bila kukusudia. Ulevi unaithibitisha vizuri sana hoja hiyo, na unavunja nguvu ya maneno ya "alijitupa mbele ya gari", ila si nguzo ya pekee. Mchoro wa polisi, ule wanaouita kroki, mara nyingi una kazi kubwa kuliko kipimo cha damu. Ukague kabla haujafungwa: upana wa barabara uwe umepimwa, alama za breki ziwemo, mahali ulipoangukia pawe na umbali kutoka ukingoni. Kroki isiyo na vipimo ni picha ya mtoto, na kampuni huitumia kusema kwamba ajali haikueleweka.

Tukija kwenye kaunta yenyewe, kwa kifaransa cha ofisini inaitwa kitengo cha sinistri. Usisubiri mwenye gari akutangazie ajali. Yeye ana sababu za kukawia. Andika barua yako mwenyewe kwa kampuni, nakala mbili, ukitaja plaki, namba ya polisa, siku, saa na mahali pa ajali, majina ya majeruhi, na lupitalo alipolazwa. Nakala moja ibaki kwao, ya pili irudi kwako ikiwa na kashe, tarehe na sahihi ya aliyepokea. Wakikuambia "acha tu, tutakupigia", hujaacha kitu. Barua isiyo na kashe haijawahi kufika.

Faili wanalotaka lina PV (ripoti ya maandishi) ya polisi, cheti cha kwanza cha daktari, bili za lupitalo, ordonansi pamoja na risiti za famasi, na kitambulisho. Matatizo tunayoyajua ni yaleyale kila mara. Jina: majeruhi anaitwa jina moja nyumbani, lupitalo ikaandika hilo, lakini karte ya elekta ina jina jingine au herufi nyingine. Kampuni inakataa bili zote. Basi siku ya kwanza ya kulazwa, peleka karte mapokezi na usimame hapo mpaka waandike herufi kwa herufi. Risiti: famasi nyingi za kartye huandika kwenye kipande cha karatasi bila kashe, na kipande hicho hakilipwi. Risiti ya dawa ambayo haimo kwenye ordonansi nayo hairudishwi. Makuta yaliyopewa mfunga mifupa wa kienyeji hayarudi kamwe, hata kama alifanya kazi nzuri. Usafiri wa kwenda lupitalo ya Sendwe kufungwa vidonda kila juma nao ni gharama halali, ila ni nani anayemwomba motari risiti? Omba hata kikaratasi chenye jina lake, plaki na falanga ulizolipa.

Hapa ndipo tunapoikosoa huduma hii kwa uzito wote. Kampuni hupenda kulipa mapema, na kulipa mapema kunapendeza familia iliyokwisha kuuza televisheni. Lakini fidia kamili haijulikani kabla daktari hajasema kwamba jeraha limetulia, hali wanayoiita konsolidasyo. Mfupa wa paja huchukua miezi mitatu, minne, au zaidi kuunga, vyuma vinaweza kuhitaji kutolewa baadaye, na mguu unaweza kubaki mfupi. Baada ya hapo tu ndipo daktari anaandika siku ulizoshindwa kufanya kazi na asilimia ya ulemavu utakaobaki maisha yote. Asilimia hiyo ndiyo kitovu cha hesabu. Aliyesaini kitansi (karatasi ya kukiri kulipwa) ya mwisho akiwa bado kitandani amelipwa bili tu, na ulemavu ameubeba mwenyewe. Kama wanatoa kitu mapema, pokea kama sehemu, na karatasi iseme hivyo.

Hilohilo linahusu mapatano ya kituoni. Ndugu za mlevi wanakuja kesho yake asubuhi, wamevaa vizuri, wana bahasha ya dola na karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Wengi wao wana nia njema kweli na wanastahili kupokelewa kwa heshima. Pokea makuta ya matibabu. Karatasi yao usiisaini kabla hujatafuta ndani yake neno désistement au maneno pour solde de tout compte. La kwanza linaondoa malalamiko yako, la pili linasema umemaliza kudai. Yakikutwa, andikeni karatasi nyingine yenye kiasi, tarehe, na sentensi hii kwa kifaransa, kwa sababu parke (ofisi ya waendesha mashtaka) na kampuni husoma kifaransa: acompte sur frais médicaux, sous réserve de tous autres droits, yaani malipo ya sehemu kwa gharama za matibabu, haki nyingine zote zikibaki. Pande zote zisaini, kila mmoja aondoke na nakala.

Kuna hatari nyingine ambayo majeruhi haioni kwa sababu inatokea akiwa lupitalo. Faili likifika parke linaweza kufungwa kwa faini ambayo dereva anailipa hapohapo, bila kufika mahakamani. Haki yako ya fidia haifi kwa sababu hiyo, lakini unapoteza njia rahisi zaidi ya kuipata. Mtume ndugu mmoja apate namba ya RMP (rejista ya parke) ya faili, apeleke barua kwa ofisa wa parke kwamba kuna majeruhi anayedai fidia, na nakala yake igongwe kashe.

Muda nao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kujeruhi bila kukusudia adhabu yake ya juu ni mwaka mmoja wa kifungo, kifungu cha 54, na kosa la ukubwa huo hufutika baada ya mwaka mmoja. Kuua bila kukusudia, kifungu cha 53, kunafika miaka miwili, na muda wake wa kufutika ni miaka mitatu. Hatua ya uchunguzi au ya mashtaka hukatisha muda huo, ila usiweke maisha yako kwenye faili ambalo hujui kama limetembea. Kampuni inayokuambia "subiri" kila mwezi inaweza kukufikisha mwezi wa kumi na tatu, na hapo mlango wa jinai umefungwa. Utabaki na kesi ya madai peke yake, na humo mzigo wote wa ushahidi na gharama ni wako. Ushauri wetu: ukifika mwezi wa sita bila pendekezo la maandishi, nenda mahakamani huku mazungumzo yakiendelea.

Mahakama ni Tribinali ya Amani, kwa kuwa inasikiliza makosa yasiyozidi miaka mitano ya kifungo. Unaingia kama partie civile, yaani mdai wa fidia ndani ya kesi ya jinai, kwa tamko kwa karani au mbele ya jaji, wakati wowote kabla mjadala haujafungwa. Parke ikilala, unaweza kumshtaki dereva moja kwa moja kwa citation directe. Na hapa kuna kosa moja linaloharibu kila kitu kilichotangulia: kumwita dereva peke yake. Hukumu inatoka nzuri, ya maelfu ya dola, dhidi ya mtu asiye na kitu mfukoni. Mwenye gari aitwe, kwa sababu kifungu cha 260 cha Kodi ya Madeni kinamfanya bosi awajibike kwa mtumishi wake. Kampuni ya asiransi iitwe pia, ili hukumu iitaje kwa jina. Gari likiwa la kampuni ya mgodi au ya malori ya njia ya Kasumbalesa, watasema dereva alikuwa nje ya saa za kazi. Kwa bosi hoja hiyo inaweza kujadiliwa, lakini asiransi inafuata gari. Dereva akiwa askari jeshi au polisi, faili linakwenda oditora ya kijeshi, na huko pia majeruhi anaweza kudai.

Pikipiki za kubeba abiria ndiko bidhaa hii inakoshindwa kabisa. Nyingi hutembea bila RC yoyote, na majeruhi anabaki na motari pamoja na mwenye pikipiki, ambaye mara nyingi ni mtu mwingine. Mtafute huyo wa pili kwanza.

Gharama za wakili huwatisha watu. Kila baraza la mawakili nchini linatakiwa kuwa na ofisi ya mashauri ya bure, Bureau de Consultations Gratuites, na la Haut-Katanga halina tofauti. Nenda na cheti cha umaskini kutoka ofisi ya mambo ya jamii ya komini yako, pamoja na faili lililopangwa kwa tarehe. Cheti hichohicho kitakusaidia baada ya kushinda, kwa kuwa nakala ya hukumu yenye nguvu ya kutekelezwa hutolewa baada ya kulipa ushuru unaohesabiwa kwa asilimia ya fidia, na rais wa tribinali anaweza kumwondolea mtu maskini mzigo huo akiombwa kwa barua. Wakili wa kulipwa ukimchukua, kiasi chake kiandikwe kabla ya kuanza.

Kwa familia iliyofiwa, faili linaongezeka cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa ndiyo inayowakwamisha wajane wengi kaunta. Waanze kutafuta hati ya kuithibitisha juma lilelile la msiba, wakati mashahidi wa mahari bado wamekusanyika.

Malipo yakitoka, yatolewe kwa jina la majeruhi mwenyewe, kwenye akaunti yake, na karatasi ionyeshe mgawanyo: matibabu kiasi gani, siku bila kazi kiasi gani, ulemavu kiasi gani. Kampuni ikikataa kuonyesha mgawanyo huo, omba kukataa kwake kwa maandishi na upeleke malalamiko ARCA, ukiambatanisha nakala zako zote zenye kashe.